Alichokiona Marehemu

Watu walimwita Marehemu, naye akaitika. Angefanya nini? Akina mama walimpigia simu mchana kweupe: "Marehemu, friji yangu haigandishi, unakuja lini?" Naye akajibu kwamba anakuja. Mgeni akiyasikia mazungumzo hayo alikodoa macho, na wenyeji walipata raha ya kumweleza.

Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo la heshima na sauti nzito iliyoibeba kwaya nzima ya kanisa lao. Jina lilimpata kwenye duka la nyama. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la bucha, sakafu imelowa, na mwenye bucha alimwapia kwamba umeme ameuzima. Kumbe alichozima ni swichi ya taa ya nje. Umeme ulimrusha fundi mpaka mlangoni. Walipomfikia hapumui, walipomfikisha hospitali mapigo hayasikiki, na daktari aliyekuwa peke yake kati ya wagonjwa waliojaa mpaka koridoni alisikiliza kifua, akatikisa kichwa, akamwita mgonjwa anayefuata. Mwili ukapelekwa mochwari.

Hapa ndipo watu hucheka, na wana haki. Chumba cha baridi cha mochwari ile kilikuwa kimeharibika. Hospitali ilikuwa inamtafuta fundi wa kukitengeneza, na fundi mwenyewe ndiye huyo huyo. Walimsubiri aje na begi la spana, akaja amefunikwa shuka. Wakamlaza humo humo kwenye meza ya chuma, mlango wakauacha wazi kidogo ili hewa ipite.

Baadaye akazinduka. Alidhani yuko kitandani kwake na umeme umekatika. Alihisi ubaridi wa chuma mgongoni, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mke wangu, hebu nivutie blanketi." Mhudumu wa mochwari alikuwa ameketi mlangoni anamenya chungwa. Chungwa likaenda huku, kisu kule, na mhudumu akatoka nduki hata ndara yake moja ikabaki. Alimpita mlinzi getini, na mlinzi, bila kuuliza kulikoni, akamfuata mbio.

Mji mzima ulifurahi. Yeye mwenyewe hakufurahi, na hakuna aliyelitambua hilo.

Kilichomtafuna ni kwamba hakuona kitu. Alikuwa kwenye sakafu ya bucha ameshika bisibisi, halafu akawa juu ya meza. Katikati hapakuwa na mwanga, wala sauti, wala ndoto. Hata giza halikuwepo, maana giza nalo lazima mtu awepo ndipo alione. Alikuwa Mkristo tangu utoto, ameimba habari za mbinguni kwa sauti zote za chini zilizopo, na sasa alikuwa amekwenda akarudi mikono mitupu. Yeye ni fundi, anajua kwamba taa ya friji huzimika mlango ukifungwa, na humo ndani habaki mtu wa kujua kwamba imezimika. Basi, akajiambia, na sisi ndivyo tulivyo. Wazo hilo likamganda kooni.

Mkewe alikuwa mwanamke mwema, ila kwa kutia chumvi hakuwa na mpinzani. Alimkuta mumewe kitandani hospitalini analia, akamuuliza, "Umeuona utukufu, eh?" Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kujibu, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ndiyo. Jumapili mke alisimama kutoa ushuhuda, akasema mume wake aliona mwanga. Jumapili iliyofuata mwanga ukawa na lango. Lango likapata waimbaji, na mwishowe akatokea baba yake mke, aliyekwisha kufa zamani, amesimama langoni kavaa viatu vyeupe. Marehemu alikaa kwenye benchi la kwaya akasikiliza baba mkwe wake anavyovalishwa viatu, akanyamaza. Aliwatazama wajane wa safu ya mbele wanavyojifuta machozi ya furaha. Angesimama awaambie nini?

Kwa hiyo aliogopa peke yake. Alilala na taa inawaka na mlango wazi. Hakuthubutu tena kuingiza kichwa ndani ya jokofu kubwa. Alimwomba mwenye duka alimulike, yeye akalitazama kwa mbali, kisha akasema bei. Hospitali walipompigia simu kuhusu chumba chao cha baridi, alidai yuko safarini, huku mbwa wa jirani wanabweka nyuma yake. Kuna asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika soksi moja, asione sababu ya kuvaa ya pili. Alimwangalia mtoto wake wa mwisho anafunga kamba za viatu vya shule, akawaza kwamba na huyu naye siku moja mlango utafungwa, basi. Aliacha kuimba. Alisema koo linamsumbua, na kwa namna fulani hakusema uongo.

Ndipo mama mkwe akahamia kwao kuja kufa.

Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake wakiingia duniani, na hakumwacha yeyote asahau. Mwanamume mwenye ndevu na gari lake angesimamishwa njiani aambiwe alivyotanguliza matako. Sasa alikuwa amekonda, anapumua kwa shida, amelazwa chumba cha nyuma, dirisha limefunikwa kwa pazia zito. Alikuwa ameagiza taa isizimwe, mchana wala usiku. Daktari alikwisha waambia waseme naye yale ya kusema.

Marehemu alimheshimu mama mkwe kama inavyopasa, yaani kwa mbali. Asubuhi alisimama kizingitini, akasema, "Shikamoo, mama," akajibiwa, "Marahaba, baba," na mambo yakaishia hapo. Mchana mmoja mkewe akamfuata uani alikokuwa anafungua kompresa.

"Mama anakutaka."

"Mimi? Kuna nini?"

"Anaogopa, baba watoto. Halali. Anakodoa macho kwenye dari tu. Nenda ukamweleze lile lango."

"Lango gani?"

"Lile la siku zote!" Mkewe alimtazama kama mtu aliyesahau anuani ya nyumbani kwake. "Usisahau viatu vya baba. Atafurahi."

Alinawa mafuta mikononi polepole, akanawa tena mikono iliyokwisha takata. Kwenye ukumbi alisimama akafikiria kuchukua begi na kuondoka. Mtu anayekufa anamwita ili amuulize habari za kifo, na jibu alilonalo ni hilo moja. Akimpa, atamsukumia shimoni. Akimdanganya, atamdanganya mtu ambaye hatapata nafasi ya kumsamehe. Akaingia.

"Kaa," alisema mama mkwe. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni. "Huko unamkalia nani? Sogea." Akasogea. Mama mkwe alimtuma bintiye akachemshe maji, akasubiri nyayo zipotee.

"Nina swali, na sina muda wa kuzungushwa. Wewe ulikufa. Uliona nini?"

Marehemu alianza: "Mama, kulikuwa na... kulikuwa na lango, na..."

"Baba." Sauti ilikuwa dhaifu lakini ilimkata palepale. "Hayo ni ya binti yangu. Nimemzaa mimi, namjua. Akiwa mdogo alivunja sahani, akaniambia limepita tetemeko la ardhi. Sikumuuliza yeye, nakuuliza wewe."

Akatazama chini. Aliona vidole vya mama mkwe juu ya shuka, virefu, vimekauka, havitulii.

"Sikuona kitu, mama."

"Hata kitu kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa bucha, halafu nikawa mezani. Katikati hakuna kitu. Nisamehe."

Mama mkwe alifungua mdomo, sauti isitoke. Macho yalimtoka pima. Kisha mabega yakaanza kutikisika na machozi yakamshuka hadi kwenye mto. Marehemu aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. Nimemuua, akawaza, nimemuua mama wa watu kwa mdomo wangu! Akamwita mkewe kwa sauti ambayo hakuitumia tangu alipoacha kwaya, na mkewe akaja mbio na beseni la maji mikononi.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli gani tena?"

"Kwamba sikuona kitu! Sikuona lango, sikuona viatu, sikuona chochote. Nimekaa kimya muda wote huu na sikuona kitu!"

Beseni lilianguka. Maji yakaenda chini ya kitanda, na hakuna aliyeinama kuyafuta. Mke alibaki ameshika hewa, mdomo wazi, akimtazama mume wake kama ndiyo kwanza anamwona anazinduka.

"Nyamazeni nyote wawili," alisema mama mkwe. Ndipo walipomtazama vizuri, wakapigwa na butwaa. Alikuwa anacheka. Alicheka huku analia, mkono kifuani, anatafuta pumzi.

"Tangu nilazwe hapa," alisema, "nafumba macho nautafuta huo mwanga wenu. Kila siku nautafuta. Naona giza tupu. Nikasema basi, Mungu amenikataa. Huyu mkwe wangu, ambaye kanisani anasinzia mahubiri yakianza, amefunguliwa lango. Mimi nafungiwa. Nimekosa nini? Nikawa naogopa hata kupepesa macho, ndiyo maana nikasema taa isizimwe." Alivuta pumzi. "Kumbe na wewe hukuona kitu!"

Mke aliziba mdomo kwa mikono miwili, akaketi sakafuni penye maji. Marehemu alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Ukimya wake, aliodhani unamuumiza yeye peke yake, ulikuwa umemnyima usingizi mama mgonjwa.

Lakini hofu yake mwenyewe haikuwa imeondoka, na kwa kuwa siku ile mambo yote yalikuwa yamekwisha haribika, akaitoa. "Mama, si ndiyo mbaya zaidi? Mimi nimefika huko. Hakuna kitu. Taa inazimika, basi."

"Umefika wapi wewe? Hebu niambie, siku unazaliwa uliona nini?"

"Sikumbuki, mama."

"Hukumbuki kwa sababu hukuona. Nimepokea watoto mpaka mgongo ukapinda, na hakuna hata mmoja aliyeniona. Wanatoka macho wameyafumba, wanapiga kelele utadhani nawachinja. Mtoto hajui kama kuna mtu. Anajua anasukumwa tu, na pale alipopazoea pamemkataa. Mikono yangu ilikuwepo, baba. Ilikuwepo kabla hajatoka, imeoshwa, inamsubiri. Hakuniona hata mmoja, na sikumwangusha hata mmoja."

Alipumzika. Mkewe Marehemu alitaka kumpa maji, akakataa kwa kidole.

"Sasa kuna jambo nimelisoma maisha yangu yote na sikuliona mpaka leo. Yesu msalabani. Ilikuwa mchana, giza likaingia. Alilia kwamba ameachwa. Hakusema anaona mwanga, hakusema anaona lango. Alisema roho yake anaiweka mikononi mwa Baba yake. Mikononi! Akafa, wakamlaza kwenye jiwe baridi, kama wewe ulivyolazwa. Na ile mikono haikumwangusha. Ilimtoa." Alimtazama mkwewe, na macho yake yalikuwa makali tena, kama ya yule mkunga aliyesimamisha wanaume njiani. "Ananitosha huyo. Kama yeye alipita gizani akapokelewa, mimi nione nini tena?"

Marehemu alimkodolea macho. Muda wote ule alikuwa akijiuliza aliona nini. Hakuwahi kujiuliza, hata mara moja, ni nani aliyekuwa amemshika. Swali lilimjia kwa ghafla kiasi kwamba alishika ukingo wa kitanda.

"Haya, omba," alisema mama mkwe.

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu aliyewahi kufa?"

Alinyoosha mkono, na vidole vile vikaushika. Hakuwahi kumshika mama mkwe mkono maisha yake yote. Akasema, "Bwana Yesu, mimi sikukuona. Nilidhani hukuwepo. Kumbe ulikuwa umenishika, nami sikujua. Nishike tena, na mama mshike." Zaidi ya hapo hakuweza. Alilia kwa kwikwi mbele ya mama mkwe na mkewe, makamasi na yote, na kile kilichokuwa kimemganda kooni kikaanza kuyeyuka.

"Sasa nizimie hiyo taa," alisema mama mkwe. "Inaniumiza macho."

Aliitazama swichi. Hakutaka, lakini kidole kilikwenda, na chumba kikawa giza. Alikaa pale kwenye kiti, anasubiri jambo baya. Baada ya kitambo alisikia sauti asiyoitegemea kabisa. Mama mkwe alikuwa anakoroma.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, taa imezimwa, amelala ubavu kama mtoto. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, wakaomba wasubiriwe. Mwili ukapelekwa hospitali ile ile, na hospitali ikasema samahani: mashine ya chumba cha baridi bado imekufa, maiti wengine wamehamishwa, fundi hajulikani atakuja lini.

"Fundi anakuja sasa hivi," alisema Marehemu. Mkewe, ambaye tangu siku ya beseni alikuwa mpole mno, alimgeukia kwa mshangao. Alikuwa amekwisha mwambia mchungaji kwamba Jumapili mumewe atasema mwenyewe, na atasema yaliyo kweli. Hakutegemea hili.

Mhudumu wa mochwari alimwona anavyoingia, akasimama wima. Kwanza aliziangalia ndara zake.

"Wewe tena?"

"Leo nimekuja na spana."

Alipoingia miguu ilikuwa mizito, lakini mikono iliijua kazi. Meza ilikuwa ile ile, na juu yake alikuwa amelala mama mkwe chini ya shuka, peke yake. Kapasita, kile kifaa cha kuwashia mota, ilikuwa imeungua, akaibadilisha. Akaongeza gesi. Mashine ikanguruma, feni ikazunguka, ubaridi ukaanza kushuka. Kikabaki kipimo cha mwisho, mpira wa mlango, na mpira huo hupimwa gizani: fundi hujifungia ndani, mwenzake wa nje hupitisha tochi kwenye kingo zote, na mwanga ukipenya popote, hapo mpira umechanika. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'oka. Marehemu alikiona, akasema atakirudisha mwishoni. Akamwonyesha mhudumu namna ya kupitisha tochi, akaingia, mlango ukafungwa kwa kishindo.

Giza. Hofu ilikuja, tusidanganyane. Kwa muda mfupi alikuwa tena yule mtu wa mezani asiyejua yuko upande gani.

"Unaona mwanga?" aliuliza mhudumu kutoka nje.

"Sioni kitu!"

"Na hapa chini?"

"Sioni kitu!"

"Basi mlango mzima!"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka ukutani. Akaanza kucheka. Alijizuia kwa ajili ya mama, akashindwa, na kicheko kikafungua koo lililofungwa tangu siku ya bucha. Sauti ya chini ya kwaya ikatoka yenyewe, nzito, haina maneno, ikajaza chumba.

Nje, mhudumu alisikia kicheko kizito ndani ya mochwari, kisha wimbo. Alilikumbuka chungwa. Tochi ilianguka, na nyayo zikatoweka koridoni.

Marehemu alisukuma mlango. Akapapasa pale penye kitasa, akakuta tundu. Aliita, akagonga, kimya. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, kazi ya mikono yake, na baridi ilikwisha mfikia mifupani. Akapapasa mpaka mezani, akaupata mkono wa mama mkwe chini ya shuka. Ulikuwa wa baridi, hautamshika tena. Akaushika yeye.

"Mikononi mwako, Bwana," alisema. "Mimi na mama."

Hakuona mwanga. Hakuna sauti iliyomjibu. Alikaa sakafuni, meno yanagongana, akaimba sehemu yake ya chini kama mtu anayesubiri wenzake waingie na sauti za juu, na katikati ya wimbo akagundua, kwa mshangao uliomnyamazisha, kwamba haogopi.

Getini mkewe, aliyekuwa anamsubiri, alimwona mhudumu akipita na ndara moja mguuni. Mbio zile alizijua kwa kusimuliwa. Hakuuliza kitu, alikimbia kule mhudumu alikotoka.

Mlango ulipovutwa, mwanga wa koridoni ulimpiga usoni, macho yakajifumba. Hakuona kitu. Alihisi tu mkono umemkamata kwa nguvu, unamtoa nje.

"Mke wangu," alisema akitetemeka, "hebu nivutie blanketi."

Mkewe alivua shali yake akamfunika nayo, na hakumuuliza aliona nini.